Kebo Ikikatika, Faili Huwa Mbili

Assalaam aleikum, na wengine habari za jioni. Ahsanteni kwa kuvumilia joto hili.

Mwaka 2009 kebo za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika hapa Mombasa, tukazoea kudhani mtandao upo daima. Mei 2024 SEACOM na kebo nyingine, EASSy, zikakatika baharini upande wa Afrika Kusini, nasi huku tukaonja. Sasa chukulieni kampuni ya mizigo yenye seva mbili, Kilindini na Nairobi, na kila moja ina nakala ya faili ileile, orodha ya makontena. Njia ikikatika, makarani hawaachi kazi: wa hapa anaongeza kontena, wa Nairobi anafuta mawili. Njia ikirudi, ipi ndiyo faili?

Wengi hujibu: iliyohifadhiwa mwisho. Jibu hilo silipendi hata kidogo. Mwisho kwa saa ya nani? Seva moja ikiwa mbele kwa dakika tatu, kazi ya mtu inafutika na hakuna anayeambiwa.

Mwaka 1983 ulichapishwa utaratibu ulio bora zaidi: kila nakala ibebe hesabu ya mabadiliko ya kila seva. Nakala yenye Mombasa 2, Nairobi 1 inaizidi yenye Mombasa 1, Nairobi 1. Chukua hiyo bila wasiwasi. Ila ikikutana na yenye Mombasa 1, Nairobi 2, hakuna iliyoiona nyenzake. Huo ndio mgongano. Hesabu inaugundua tu, haiutatui.

Coda, mfumo wa kuhifadhi faili ulioanza kujengwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, mwaka 1987, ulimruhusu mtu kuendelea na kazi akiwa nje ya mtandao. Folda uliziunganisha wenyewe, maana faili mbili zenye majina tofauti hazigombani. Faili moja ikiguswa pande mbili, mara nyingi uamuzi ulirudi kwa mwenyewe.

Amazon nao, wenye duka la mtandaoni, katika Dynamo, hifadhi yao ya data waliyoieleza mwaka 2007, walichagua kuunganisha vikapu vya wateja: ulichoongeza hakipotei, ila ulichoondoa chaweza kurudi. Kwa viatu, sawa. Kwa kontena lililokwisha toka getini, hapana!

Mimi ningeacha kuhifadhi orodha nzima. Kila karani aandike tukio: kontena namba fulani limeingia, namba fulani limetoka. Matukio ya pande mbili hujumlishwa bila ugomvi, na utakaosalia ni mgongano juu ya kontena lilelile. Huo apelekewe msimamizi, pamoja na nakala zote mbili.

Haya, maswali. Dada wa mbele, karibu.