Chora Mpaka Kabla ya Kutazama: Nyutrino na Blazari Zinazowaka

Ahsante, mwenyekiti. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili: amua utakachohesabu kuwa sadfa kabla ya kutazama data, na naona wawili watatu pale nyuma wameshaanza kucheka. Chekeni tu. Nitalirudia mpaka siku nitakapoacha kuletewa michoro yenye nyutrino moja (chembe ndogo mno inayopenya karibu kila kitu), blazari moja (galaksi ambayo shimo jeusi la katikati yake linarusha jeti, yaani mkondo wa chembe, kuelekea kwetu) na kichwa kikubwa cha habari: "Chanzo chapatikana!"

Blazari inafanyaje kazi, na IceCube, kigunduzi cha nyutrino, ilizikwaje kwenye barafu ya Ncha ya Kusini, hayo naruka. Twende moja kwa moja tarehe 22 Septemba 2017. Mnaijua, lakini wengi mnaijua nusu.

Siku hiyo myuoni moja, chembe iliyo kama elektroni nzito, ilipita kwenye barafu ikaacha humo nishati ya teraelektronivolti 24 hivi. Baada ya sekunde 43 tangazo lilikuwa limeshawafikia wenye darubini. Nyutrino iliyoizaa myuoni hiyo ilikadiriwa kuwa na teraelektronivolti 290. Vizuri. Sasa sikilizeni namba ambayo watu hawapendi kuiweka kwenye slaidi zao: uwezekano kwamba nyutrino ile ilitoka mbali angani, na haikuzaliwa hapa kwenye angahewa yetu, ulikuwa asilimia 56.5. Nusu na kidogo! Mtu angetoka chumbani wakati ule akaenda zake kunywa maji, nisingemlaumu.

Siku chache baadaye watu wa Fermi, darubini ya miali ya gama iliyoko angani, wakasema: ndani ya eneo la anga ilikotoka nyutrino ile, sehemu ya kumi tu ya digrii kutoka katikati, ipo blazari TXS 0506+056, na imekuwa ikiwaka, yaani kung'aa kuliko kawaida, kwa miali ya gama tangu Aprili. Watu wa MAGIC, darubini za gama za ardhini, nao wakaielekea, wakaipata hadi karibu gigaelektronivolti 400. Hapo watu wakapagawa.

Kinachonivutia mimi ni kilichofuata, ambacho hakina shamrashamra yoyote. Hesabu ya kwanza ya sadfa ile, ya IceCube na wenzao, ilitoa sigma 4.1; sigma ni kipimo cha ugumu wa jambo kutokea kwa bahati tu, na 5 ndiyo huitwa ugunduzi. Wangeweza kuishia hapo na dunia ingeshangilia. Hawakuishia. Walirudi kwenye kumbukumbu wakahesabu matangazo 10 yaliyokwisha kutolewa, na matukio mengine 41 ya zamani ambayo yangetangazwa kama mfumo ungekuwepo. Jumla 51. Lolote kati ya hayo lingeweza kuangukia karibu na blazari inayowaka, na tungeshangilia vilevile. Ukishalipa deni hilo, sigma 4.1 inashuka hadi 3.0. Yaani kutoka nafasi moja kati ya makumi ya maelfu hadi moja kati ya mamia. Na hiyo 3.0 ndiyo waliyoichapisha mwaka 2018. Nawavulia kofia.

Ninachowagombeza ni nyinyi mnaokuja nyuma yao bila kulipa deni. Orodha ya Fermi ina blazari zaidi ya 2,000, na hakuna majira ambayo zote zimelala. Ukisubiri nyutrino ifike ndipo uanze kutafuta iliyowaka, hutakosa ya kuisingizia. Ni yule mtu anayesema "nilijua watafungwa" kipenga cha mwisho kikishalia. Bwana, ungesema kabla ya mechi!

Mwaka 2002, blazari 1ES 1959+650 iliwaka kwa miali ya gama bila eksirei kuisindikiza, na AMANDA, mtangulizi wa IceCube, alikuwa na nyutrino kutoka upande huohuo siku hizohizo. Inasisimua, sivyo? Lakini sadfa hiyo ilionekana data zikiwa zimeshafunguliwa, kwa hiyo haikuwezekana kukokotoa kwa haki ingetokea kwa bahati mara ngapi. Imebaki inaning'inia hadi leo. Njooni Desemba 2021: PKS 0735+178 inawaka, tangazo linatoka, blazari iko nje kidogo ya mpaka wa asilimia 90, yaani wa eneo lenye uwezekano wa asilimia 90 kuwa ndiko nyutrino ilikotoka. Nje! Basi watu wakaanza kuusukuma mpaka. Nami nauliza, ingekuwa nje mara mbili ya hapo, mngeusukuma tena?

Kwa hiyo andikeni kabla: blazari zipi, kuwaka ni kupanda mara ngapi, siku ngapi kabla na baada, digrii ngapi. Mkishafunga orodha ndipo mfungue data.

Najua mtu anataka kuniambia kwamba kuwaka kwa gama ndiyo saa yenyewe ya kuharakishwa kwa protoni, ambazo ndizo huzaa nyutrino, kwa hiyo kipindi cha kutafuta kinajichagua. Hakijichagui! Gama inaweza kutoka kwa elektroni peke yake, bila protoni hata moja kuhusika. Na pale ambapo protoni zinagonga fotoni kwa wingi wa kutosha kuzaa nyutrino, fotoni hizohizo zinaimeza gama kabla haijatoka. Mkitaka ushahidi, rudini kwa TXS yenyewe. IceCube walipopekua data za zamani za upande ule, walikuta nyutrino 13 hivi za ziada, toa au ongeza 5, kati ya Septemba 2014 na Machi 2015. Sigma 3.5. Na gama katika miezi hiyo? Kimya. Anayetafuta kwenye milipuko ya gama tu angeipita miezi hiyo bila kugeuka.

"Basi wewe huiamini TXS." Naiamini zaidi ya nilivyokuwa naiamini kabla ya upekuzi huo wa data za zamani. Sijafika sigma 5, na wewe pia hujafika.

Naambiwa zimebaki dakika mbili. Galaksi NGC 1068: haina jeti inayotutazama, nyutrino 79 hivi, sigma 4.2, gama yake ya nishati kubwa haionekani. Yote niliyosema kuhusu fotoni kumeza gama yanahusika hapo. KM3NeT, kigunduzi kilicho chini ya Bahari ya Mediterania, na nyutrino yake ile ya Februari 2023 yenye petaelektronivolti 220: eneo la anga lilikotoka lina blazari 17 zinazoweza kutajwa. Chagueni mnayoipenda!

Slaidi inayofuata ina nyutrino moja na mwanga wa blazari moja kwa miaka kadhaa. Kabla sijaifungua, kila mmoja aandike kwenye karatasi: kipindi chako ni siku ngapi? Andikeni kwa kalamu ya wino, tafadhali.