Saa janja zimeshakaa mkononi. Je, za usoni nazo zitafika?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Swali nililoletewa ni hili: je, saa janja na kompyuta za kuvaa mwilini zitakubalika, au ni mtindo wa kupita tu? Nitajibu mapema. Za mkononi zimeshakubalika. Za usoni na kifuani bado, na nyingine zimekufa mbele ya macho yetu. Ninachotaka tukichunguze jioni hii ni kwa nini hizi zilipita na zile zikakwama, kwa sababu watengenezaji wenyewe walikisia vibaya kwa miaka zaidi ya 40.

Mwaka 1972 kampuni ya Hamilton ya Marekani ilitoa Pulsar, saa ya mkononi ya kielektroniki iliyoonyesha muda kwa tarakimu zinazowaka nyekundu. Bei yake ilikuwa dola 2,100. Tarakimu zile zilimaliza betri upesi sana, kwa hiyo kioo kilikaa giza muda wote. Ukitaka kujua ni saa ngapi, ubonyeze kitufe kwa mkono wa pili. Tafakarini jambo hilo: saa ya kawaida inasomwa kwa kuitupia jicho, na hii ya kisasa ikadai mikono miwili.

Ikafuata HP-01 ya Hewlett-Packard, mwaka 1977, saa yenye kikokotoo na vitufe vidogo hata ukahitaji kijiti kuvibonyeza. Mwaka 1982 Seiko wakaleta saa ya televisheni: kioo mkononi, kipokea mawimbi mfukoni, na waya katikati. Mwaka 1994 ikaja Timex Datalink, iliyosoma namba za simu na miadi yako kutoka kwenye kioo cha kompyuta kwa mistari ya mwanga unaomwekamweka. Hiyo naiheshimu sana, ni kazi ya watu wenye akili. Mwaka 2004 Microsoft nao wakaingia na saa zilizopokea habari na hali ya hewa kwa mawimbi ya redio ya FM.

Zilipata mashabiki wake, lakini hazikuwa vitu vya watu wote. Wazo lilikuwa lile lile kila mara: chukua mashine iliyoko mezani, ifinye, ifunge mkononi. Wahandisi waliweza kufinya karibu kila kitu isipokuwa kidole na jicho la mvaaji.

Kuna historia ya zamani zaidi ambayo wangeisoma ingewasaidia. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanamume aliweka saa mfukoni. Ya mkononi ilihesabiwa pambo la wanawake. Mwaka 1904 Louis Cartier alimtengenezea saa ya mkononi rafiki yake, rubani Mbrazili Alberto Santos-Dumont, ambaye hakuweza kuchomoa saa mfukoni huku anaongoza chombo angani. Kisha ikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Askari kwenye mahandaki walitakiwa kuanza mashambulizi kwa dakika iliyopangwa, na mikono yao ilikuwa na silaha. Vita vilipokwisha, hakuna aliyethubutu kuwacheka wanaume wale kwa kuvaa pambo la kike. Saa ilihamia mkononi kwa sababu ilipata kazi ambayo haikuwezekana kufanyika mfukoni.

Hicho ndicho kipimo ninachokitumia, na naomba mnipinge kwenye maswali kama hamkubaliani nami: kifaa cha kuvaa kitakubalika kikiwa na kazi ambayo simu iliyo mfukoni haiwezi kuifanya hata ingeboreshwa vipi.

Hata ile inayotajwa mara nyingi kuwa kompyuta ya kwanza ya kuvaa ilizaliwa hivyo. Mwaka 1961 wanahisabati Edward Thorp na Claude Shannon walikwenda Las Vegas na kidude cha ukubwa wa pakiti ya sigara, kilichofichwa nguoni, cha kukisia kipira cha ruleti, mchezo wa kamari wa gurudumu, kitaangukia upande gani. Walikiendesha kwa vidole vya miguu, na jibu lilikuja kwa sauti kwenye kipokea sauti cha sikioni. Nyaya za sikioni zilikuwa zikikatika kila mara, lakini hesabu zenyewe zilifanya kazi. Kidude kile hakikuwa na kioo wala kitufe cha mkononi, na hakikuomba kutazamwa.

Sasa tuje kwenye saa ya Apple, maana hapo ndipo somo lilipojirudia hadharani. Ilitangazwa Septemba 2014 na kuanza kuuzwa Aprili 2015. Mliofuatilia mnakumbuka ilivyonadiwa: utamchorea rafiki michoro midogo, utamtumia mapigo ya moyo wako ayahisi mkononi mwake, na mwenye nazo atanunua ya dhahabu kuanzia dola 10,000. Toleo la pili, mwaka 2016, dhahabu ilikuwa imeondoka. Badala yake ikaja GPS ndani ya saa yenyewe na uwezo wa kuogelea nayo. Mwaka 2018 ikaongezwa kupima umeme wa moyo na kutambua mvaaji akianguka. Wavaaji ndio waliowaonyesha watengenezaji kazi ya saa: simu haiwezi kukaa juu ya ngozi saa 24.

Mwenye saa janja aivue, aigeuze mgongo. Mnaona taa ya kijani inayowaka? Damu ni nyekundu kwa sababu humeza mwanga wa kijani. Moyo unapopiga, damu hujaa kidogo zaidi kwenye mishipa midogo chini ya ngozi, mwanga mwingi zaidi humezwa, na unaorudi hupungua. Katikati ya pigo moja na lingine unaorudi huongezeka. Pembeni ya taa kuna kihisi kinachopokea mwanga huo, na programu inahesabu mawimbi. Mkono ukitikisika, hesabu huvurugika, ndiyo maana ndani kuna kihisi kingine cha mwendo kinachosaidia kutenganisha mtikisiko na mapigo. Mkanda ukilegea, mwanga wa nje unaingia na vipimo vinaharibika. Zaidi ya hapo hakuna uchawi wowote, na kwa kweli mimi huona ni jambo zuri mno kwamba taa ndogo na hesabu za uvumilivu zinaweza kumsikiliza mtu hata akiwa usingizini.

Je, usikivu huo una faida? Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliofadhiliwa na Apple, ukachapishwa 2019, ulihusisha watu zaidi ya 419,000. Asilimia 0.52 tu walipata arifa kwamba mapigo yao hayana mpangilio. Walitumiwa kipimo cha kubandika kifuani, na kati ya waliokirudisha, asilimia 34 walionekana na tatizo la moyo linaloweza kuleta kiharusi. Msikimbilie kusema basi asilimia 66 zilikuwa kelele za bure. Tatizo lile huja na kuondoka, na kipimo kile kilibandikwa siku kadhaa baada ya arifa. Lakini pia msiiite saa daktari. Washiriki wengi walikuwa vijana na watu wa makamo, na tatizo lenyewe huwapata zaidi wazee.

Hapa nina jambo linalonikera, nami sitalipita. Melanini, rangi ya ngozi yetu, nayo humeza mwanga wa kijani. Chale za wino hufanya vivyo hivyo. Mwaka 2020, katika jarida la New England Journal of Medicine, madaktari walionyesha kwamba vipimo vya oksijeni vya kidoleni vinavyotumika hospitalini vilikosa kutambua upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Hivyo ni vifaa vya hospitali, vinavyotumia mwanga mwekundu na ule usioonekana kwa macho. Sasa kampuni inayouza kipimo cha mkononi kwa dunia nzima inawajibika kueleza kilijaribiwa kwa watu wa ngozi zipi, na matokeo yalikuwaje kwa kila kundi. Wakinyamaza, tuwaulize. Na mkiona saa au pete inadai kupima sukari ya damu bila kutoboa ngozi, fahamuni kwamba Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuwa haijaidhinisha hata moja ya namna hiyo. Mgonjwa wa kisukari akijidunga insulini kwa kufuata namba ya uongo, anaweza kufa.

Upande wa uso, Google Glass, miwani yenye kamera na kioo kidogo cha kompyuta, iliuzwa kuanzia 2013 kwa dola 1,500, na Januari 2015 ikaondolewa sokoni. Wengi husema tatizo ni bei au betri. Nadhani tatizo kubwa lilikuwa aliyeketi mbele ya mvaaji. Saa inampima mwenye saa; miwani yenye kamera inampima jirani, ambaye hakuombwa ridhaa. Ilirudi 2017 kwa mafundi na wafanyakazi wa viwandani, watu ambao mikono yao imeshikwa na kazi, nayo ikakomeshwa 2023. Kidude cha kubandika kifuani cha kampuni ya Humane kilitoka 2024 kwa dola 699, na Februari 2025 kikazimwa. Hicho kiliomba kufanya kazi ambazo simu inazifanya vizuri tayari.

Ukiniuliza kipi kitafuata, nitasema ni masikio. Watu wameshazoea kushinda na vipokea sauti visivyo na waya, hakuna anayewashangaa, na mwaka 2024 baadhi yake viliidhinishwa Marekani kutumika kama visaidizi vya kusikia. Miwani nayo itafika siku itakapopata kazi inayomnufaisha mvaaji bila kumpeleleza mwenzake. Kwa asiyeona, anayesomewa maandishi yaliyo mbele yake, kazi hiyo ipo leo.

Limebaki moja: data za mwili wako zinakwenda wapi. Mnamo Januari 2018 iligundulika kwamba ramani ya mazoezi iliyochapishwa na Strava, programu inayokusanya njia za wakimbiaji kutoka kwenye saa na simu zao, ilikuwa inaonyesha njia za kukimbilia ndani ya kambi za kijeshi. Askari hawakuvujisha siri yoyote kwa makusudi. Walivaa saa wakakimbia. Google ilipoinunua Fitbit, kampuni ya saa na bangili za kupima mazoezi, Tume ya Ulaya iliitaka iahidi kutotumia data za afya za watumiaji wa Ulaya kwa matangazo yake, kwa miaka 10. Ununuzi ulikamilika Januari 2021. Nendeni mkahesabu ahadi hiyo inafikia ukomo lini, kisha mtafute kama nchi mnayoishi ina ahadi yoyote ya namna hiyo kwa mapigo ya moyo wenu.

Nipo tayari kwa maswali.