Tuanze na dirisha

Jamani, leo ni vyanzo vya ioni vya maikrowevu, vile vifaa vinavyogeuza gesi kuwa plasma, yaani gesi iliyovunjika kuwa ioni na elektroni, halafu vinazitoa ioni nje. Gausi 875 za uga wa sumaku, zinazofanya elektroni zizunguke sambamba na mawimbi ya gigahazi 2.45, mnazijua, na magnetroni, kile kinachozalisha maikrowevu, ni ya aina ileile iliyomo kwenye oveni ya jikoni, kwa hiyo sikai hapo. Mimi nataka tuongelee dirisha. Kila nikialikwa nasema dirisha, na nitasema mpaka michoro ibadilike.

Dirisha ni kile kisahani cha seramiki kinachopitisha maikrowevu na kuzuia hewa isiingie kwenye chemba ya plasma. Watu wanaliweka nyuma kabisa, linatazamana na tundu la kutolea ioni. Haya, chemba yako iko kwenye kilovolti 50 chanya, ioni zinatoka, zinagonga mabaki ya gesi, zinabandua elektroni, na hizo elektroni zinaenda wapi? Zinavutwa kurudi ndani kwenye mstari uleule! Miliampia 5 tu kwa kilovolti 50 ni wati 250, zote kwenye kidoa cha milimita chache. Ukifungua unakuta duara jeusi katikati na ufa umeanzia hapohapo.

Kuna atakayesema aweke seramiki nene zaidi. Hapana! Kidoa ni kilekile, joto halitoki upesi, katikati panatanuka na pembeni bado pamepoa, lazima ipasuke. Mwingine ataniambia kuna elektrodi hasi ya kuzuia elektroni zisirudi. Sawa, iweke, ila inazuia zile zinazotokea mbele yake, zinazozaliwa ndani ya pengo lililo kati yake na chemba haizigusi. Wafaransa wa kituo cha utafiti cha Saclay kwenye chanzo chao cha ioni kiitwacho SILHI, kinachotoa zaidi ya miliampia 100, walipinda bomba la mawimbi, dirisha likakaa nyuma ya kona, elektroni zikaishia kwenye chuma kinachopozwa kwa maji. Na kama kifaa chako ni kidogo kona haiingii, basi funika dirisha kwa kisahani cha boroni naitraidi, nayo ni seramiki inayostahimili joto, kibebe kipigo chote, tena kama gesi yako ni hidrojeni kinaongeza asilimia ya protoni kwenye ioni zinazotoka. Kikiliwa unabadilisha.

Mengine harakaharaka. Chemba ya mduara ikiwa na kipenyo chini ya milimita 72 hivi na tupu, mawimbi hayapiti, kwa hiyo jaza seramiki ya alumina sehemu ya kuingilia. Sumaku za neodimiamu za kawaida zikipita nyuzi 80 zinaanza kupoteza nguvu, zikae mbali na joto. Na pale dirishani uga wa sumaku uwe juu ya gausi 875, usiwe chini, wimbi likitokea upande wenye uga mkubwa linaingia hata plasma ikiwa nzito. Umbo la elektrodi za kutolea sijaligusa na muda umeisha, mwenye mchoro wake aje nao hapa mbele tuangalie dirisha liko wapi.