Boti Moja, Tani Moja: Misaada ya Kimbunga Pwani ya Wamiskito

Shikamooni wazee, vijana hamjambo. Nimeombwa niongelee kujitolea wakati wa majanga, na leo nataka twende pwani ya Wamiskito, kule Nicaragua upande wa Karibi. Na kwa sisi Wamoraviani wale sio wageni kabisa, wamisionari wa kanisa letu walifika pwani ile 1849, hapa kwetu Rungwe wakaja 1891, kwa hiyo mpaka leo kule kwa Wamiskito ukitaka kujua kijijini nani kapoteza nini unamuuliza mchungaji na wihta, yule mwamuzi wa kijiji.

Sasa, Novemba 2020. Tarehe 3 kikaingia kimbunga Eta kusini ya mji wa Bilwi, watu hata mabati hawajamaliza kuokota, usiku wa tarehe 16 kikaja Iota, upepo zaidi ya kilomita 200 kwa saa, kikatua kama kilomita 25 tu kutoka pale alipotua mwenzake. Kijiji cha Haulover kiko kwenye ulimi wa mchanga, huku bahari huku ziwa la pwani, basi bahari ikaukata ule ulimi ikapita katikati. Wengi walishahamishiwa Bilwi ndio maana wakapona, ila nyumba, minazi, nyavu, visima, vyote kwisha. Na vijiji vile unavifikia kwa boti.

Hapo ndipo nataka tuelewane. Tuseme boti yako ya faiba inabeba tani moja. Ukipakia maji ya kunywa ni madumu 50 ya lita 20, basi, imejaa. Mtu mmoja kwa kunywa, kupika na kuoga anahitaji kama lita 15 kwa siku, kwa hiyo safari nzima umewahudumia watu 66 siku moja, na mashine ya farasi 75 ukiikimbiza inakula lita zaidi ya 20 za petroli kwa saa! Siku za mwanzo sawa, peleka maji, watu wana kiu. Baada ya hapo pakia vichujio, klorini, matangi ya kukingia mvua, mabati, misumari, nyundo. Mitumba jamani tuipunguze, kila robota la nguo limekalia nafasi ya bati la mtu.

Na visima, hili wengi hawalijui. Kisima kikiingiwa na maji ya bahari klorini inaua vijidudu lakini chumvi haiondoi. Mtu anakuja na pampu kubwa kwa nia njema kabisa anakikausha chote mara moja, kumbe pwani maji baridi yanaelea juu ya maji chumvi huko chini, ukivuta kwa nguvu unaipandisha chumvi. Unavuta pole pole, unaondoa matope, unaonja, unaacha mvua ifanye kazi yake, hata kama itachukua miezi.

Halafu nahodha awe mtu wa kule kule, hili mimi silijadili. Baada ya kimbunga mafungu ya mchanga kwenye milango ya mito yamehama, ramani yako haina maana, magogo yanaelea nusu yamezama, lazima mtu akae mbele anaangalia maji huku nahodha anasubiri wimbi lipite ndio avuke. Mzigo umefungwa turubai, uzito katikati. Mkaambiwa leo hatuvuki, hamvuki, hata kama wafadhili wanapiga simu.

Kinachoniuma zaidi ni miezi ya baadaye. Muhogo ukikaa kwenye maji unaoza ardhini, na ukipanda upya unasubiri miezi nane mpaka mwaka, na huo muda wote kamera zimeshaondoka. Mwezi wa nne, wa tano baada ya kimbunga, ndio boti inatakiwa ipeleke vipando vya mihogo, machipukizi ya ndizi, nyuzi za nyavu na ndoano. Kwa hiyo vijana mnaochangisha, hela mliyopata gaweni mbili kuanzia siku ya kwanza, nusu ifungiwe kwa ajili ya safari hizo. Haya, naona mikono imenyooshwa, tuanze na yule dada wa nyuma.