Kiazi cha Mwakani: Okidi za Kitulo

Shikamooni wazee wangu, na ninyi wenzangu habari za jioni.

Mtu akisikia hifadhi ya taifa, akili yake inakwenda kwa simba. Kitulo, hifadhi ya taifa iliyoko Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania, hamtaonyeshwa simba. Mtaonyeshwa nyasi, na baridi ya mita 2,600 juu ya bahari, na upepo unaochoma masikio. Ukipita pale kiangazi utadhani ni ardhi iliyokosa mkulima. Rudi mvua zikishakolea, kati ya Desemba na Aprili. Wanapaita Bustani ya Mungu, na kwa hilo hawajatia chumvi. Kilomita za mraba 412.9 zilitengwa mwaka 2005, hasa kwa ajili ya mimea yake, na humo kuna aina 45 hivi za okidi za ardhini.

Za ardhini, nasisitiza. Okidi nyingi mnazozifahamu hung'ang'ania magome ya miti. Hizi zinataka nyasi fupi, jua na udongo wa volkano. Kuna Disa, Habenaria, na ile niipendayo zaidi, Satyrium, ambayo ua lake lina kofia juu na vijimkia viwili nyuma. Moto wa kiangazi ukipita, majani yanateketea lakini mmea wenyewe umelala chini, salama. Kwa hiyo msiulaumu moto kwa kila kitu. Jembe ndilo lisilosamehe.

Sasa chimbeni mmoja, kwa mawazo tu tafadhali. Mtakuta viazi viwili. Kimoja kimenyauka: hicho ndicho kilicholisha ua la mwaka huu. Cha pili kimejaa, kigumu: hicho ni akiba ya ua la mwakani. Mchimbaji anayetafuta cha kuuza anachukua kipi? Kilichojaa, bila shaka. Kilichonyauka hakimfai yeye, wala hakiwezi tena kuufaa mmea.

Wateja wa viazi hivi wapo Zambia. Kule viazi hivi hukaushwa, vikatwangwa, unga wake ukapikwa na karanga zilizotwangwa na pilipili mpaka ukashikana, kisha ukakatwa vipande. Ndiyo chikanda. Ni chakula cha watu tangu zamani, na simlaumu bibi aliyekuwa akichimba vya kutosha sufuria yake. Magunia yanayovuka mpaka pale Tunduma ni habari nyingine. Makadirio ya mwaka 2003 yalitaja zaidi ya viazi milioni mbili kwa mwaka kutoka Nyanda zetu za Juu Kusini. Okidi zote zimo katika CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, yaani kuvusha mpaka kunahitaji kibali. Lakini kiazi kilichokwisha kukauka hakisemi kimetoka aina gani.

Kijana mmoja pale nyuma ananipungia mkono, na nalijua swali lake: kwa nini tusipande tu kama viazi mviringo? Mbegu ya okidi ni vumbi. Haina chakula ndani yake. Ikianguka, hungoja uzi wa kuvu ulio udongoni uingie na kuilisha, na bila kuvu hiyo haioti. Kuvu nayo inaishi katika udongo uleule wa nyasi ambao haujapinduliwa. Tukilima nyasi zile, tumeng'oa mlezi pamoja na mtoto. Na anayechimba mmoja akaupeleke nyumbani kwenye chungu, mara nyingi atapata ua la msimu mmoja, lililolipiwa na kiazi kile kilichojaa.