Lifti ya Baiskeli kwa Michango ya Wananchi: Hesabu za Mlima wa Innerleithen

BARAKA: Ndugu msikilizaji, karibu tena katika kipindi chetu. Mimi ni Baraka, nipo Moshi, na mwenzangu Zuhura yupo Edinburgh, Uskoti, anakoishi na kufanya kazi. Leo tunazungumzia jambo ambalo huku kwetu huenda likaonekana geni, ingawa msingi wake tunaujua vizuri sana: watu wa mji mdogo wanaotaka kuchangishana fedha ili ijengwe lifti ya viti ya kuwapandisha mlimani waendesha baiskeli, ambao raha yao yote iko katika kuteremka. Dada Zuhura, tuanzie mlimani kwenyewe.

ZUHURA: Asante, Kaka Baraka. Mji ninaouzungumzia unaitwa Innerleithen, upo kwenye bonde la mto Tweed, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka hapa Edinburgh, na wakazi wake ni kama 3,000 tu. Kwa vizazi vingi uliishi kwa viwanda vya sufu, na kiwanda chake cha Caerlee, kilichoanza mwishoni mwa karne ya 18, kilifungwa mwaka 2013. Ng'ambo ya mto kuna msitu wa Traquair, na ndani ya msitu huo zimechimbwa njia za mteremko ambazo waendesha baiskeli wa Uingereza nzima wanazijua, zenye mizizi, mawe na kona kali.

BARAKA: Na hadi leo hakuna lifti.

ZUHURA: Hakuna. Watu hupandishwa kwa gari linalovuta trela. Siku yangu ya kwanza pale kulikuwa na manyunyu, tukasimama kwenye foleni glavu zikichuruzika maji, na dereva akazipanga baiskeli moja moja kwenye trela, usukani wa hii ukipishana na pedali za ile, huku akiingiza vipande vya zulia kuukuu kati ya fremu ili zisikwaruzane. Kisha gari likapanda barabara ya msituni kwa gia nzito, vioo vimejaa mvuke wa nguo zetu zilizolowa. Nilipanda mara 7 siku ile. Kila safari ya kupanda, ukihesabu kusubiri, kupakia na kupakua, ilinichukua karibu nusu saa, na mteremko wenyewe ulikwisha kwa dakika chache. Ukitoka pale unaelewa kwa nini watu wa Innerleithen wamekuwa wakiota lifti kwa miaka mingi.

BARAKA: Msikilizaji ambaye hajawahi kuiona afikirie nini tunaposema lifti ya viti?

ZUHURA: Afikirie kamba nene ya nyuzi za chuma iliyoungwa ncha kwa ncha ikawa mviringo mmoja mrefu, inayozunguka magurudumu mawili makubwa, moja bondeni na jingine juu, na katikati zimesimama nguzo zenye roli za kuibeba. Viti huning'inia kwenye kamba hiyo. Aina iliyo rahisi ni ile ambayo viti vimebanwa kabisa kwenye kamba. Huenda kama mita 2 kwa sekunde, kwa hiyo kilomita 1 unaipanda kwa kama dakika 8. Ile ya gharama kubwa huachia kamba kila kiti kinapoingia kituoni, mtu akapanda bila haraka, kisha kiti kikaishika tena kamba inayokwenda mita 5 kwa sekunde. Baiskeli nazo huning'inizwa kwenye vishikizo maalumu, na kila nafasi inayochukuliwa na baiskeli ni abiria mmoja aliyepungua, jambo ambalo wapiga hesabu huwa wanalisahau.

BARAKA: Sasa nieleze kinachonitatiza. Nimesoma kwamba kwenye milima ya Alps na kule Whistler, Kanada, lifti za baiskeli zimejaa tele. Iweje Innerleithen iwe kazi ngumu hivi?

ZUHURA: Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Karibu lifti zote hizo zilijengwa kwa ajili ya theluji. Watelezaji wa theluji ndio waliozilipia, na baiskeli zilikuja baadaye kama wapangaji wa majira ya joto. Hata hapa Uskoti, pale Fort William, lifti ya vyumba vidogo ya Nevis Range ilifunguliwa mwaka 1989 kwa ajili ya watelezaji wa mlima Aonach Mòr, na mashindano ya Kombe la Dunia la baiskeli za mteremko yakaanza kufanyika pale mwaka 2002. Njia yake ya mbio ina urefu wa kama kilomita 2.8 na inashuka zaidi ya mita 500. Agosti 2023 mashindano ya dunia ya mteremko yalifanyika papo hapo, Vali Höll wa Austria akashinda upande wa wanawake na Charlie Hatton wa Uingereza upande wa wanaume. Lakini mlima wa Innerleithen ni mfupi, wala hauna theluji ya kutegemea. Lifti yake italazimika kujilipia kwa baiskeli na wageni wa kutembea tu, na benki yoyote inayojua kusoma hesabu italiona hilo kwenye ukurasa wa kwanza.

BARAKA: Ndiyo maana wananchi wakaamua kujichangisha.

ZUHURA: Kwa kiasi fulani, ndiyo. Kuna kikundi kiitwacho AIMUp ambacho kimeipigania lifti hiyo kwa zaidi ya miaka 10, kikiwa na watu wanaoendesha baiskeli na wanaoishi hapo. Kuna jambo moja ambalo nilichelewa kulielewa, na ningependa wasikilizaji walielewe mapema kuliko mimi. Lifti mpya hugharimu mamilioni ya pauni. Hakuna kopo la michango kwenye kaunta ya mkahawa, wala mbio za hisani, wala mnada wa jezi za mabingwa, vitakavyofikisha fedha hizo katika mji wa watu 3,000. Nilipokuwa nikitumbukiza sarafu zangu nilidhani ninanunua bolti ya nguzo. Ukweli ni kwamba fedha ndogo za wananchi hununua karatasi.

BARAKA: Karatasi gani?

ZUHURA: Upembuzi yakinifu. Vipimo vya udongo pale nguzo zitakaposimama. Tathmini ya athari kwa mazingira, kwa maana ya ndege wanaotaga msituni, vijito vinavyoingia Tweed na sura ya mlima utakapotazamwa kutoka mjini. Ada za mwanasheria, kwa sababu msitu ni mali ya umma chini ya Forestry and Land Scotland, na huwezi kusimika nguzo kwenye ardhi usiyo na haki nayo. Uskoti ina Sheria ya Uwezeshaji wa Jamii ya mwaka 2015, inayokiruhusu chombo cha wananchi kuomba kununua au kukodi ardhi ya umma, lakini ombi lenyewe linataka mpango wa biashara unaosimama. Zikiwapo karatasi hizo mkononi, serikali, mifuko ya ruzuku na wawekezaji hukaa mezani. Zisipokuwapo, hata ukiwa na saini 10,000 za watu wanaoipenda lifti, unarudi nyumbani na saini zako.

BARAKA: Jambo hili ni gumu kulieleza kwa mchangiaji. Katika harambee zetu mtu anapenda kuona mabati, saruji, mbao. Ukimwambia fedha yake imelipa mpima udongo, atahisi ameliwa.

ZUHURA: Na hapo ndipo mweka hazina mwaminifu anapopimwa. Ningeomba kila kikundi kinachochangisha kwa ajili ya jambo kama hili kiandike waziwazi, kwa maandishi makubwa, kwamba awamu hii ni ya karatasi na kwamba inawezekana karatasi zenyewe zikasema mlima haufai. Mtu akichangia huku akijua hivyo, hatadhulumika hata jibu likiwa hapana.

BARAKA: Je, fedha kubwa zimewahi kukaribia Innerleithen?

ZUHURA: Zimekaribia. Machi 2021 ulitiwa saini mkataba wa maendeleo wa maeneo ya mpakani mwa Uskoti na England, na ndani yake zilitengwa hadi pauni milioni 19 kwa ajili ya kituo cha ubunifu wa baiskeli za mlimani katika mji huo. Lakini tuangalie tofauti. Fedha za serikali huja na malengo ya serikali: ajira, utafiti, viwanda vya kutengeneza vipuri. Mwananchi aliyechangia kwa ajili ya lifti anaweza kujikuta anapongezwa kwa jengo. Sisemi jengo ni baya; mji uliopoteza kiwanda chake unahitaji kazi. Ninasema kwamba kikundi cha wananchi kinapaswa kuamua mapema ni kiti gani kitakalia mezani fedha za wakubwa zitakapofika.

BARAKA: Maana yake ni umiliki.

ZUHURA: Ndiyo. Na mfano ninaoupenda kuliko yote uko Vermont, Marekani, kwenye mlima wa Mad River Glen. Ule ni mlima wa theluji, si wa baiskeli, lakini somo lake ni la lifti. Mwaka 1995 wapenzi wa mlima ule waliunda ushirika wakaununua kwa kuuziana hisa za dola 1,500 kila moja. Ulikuwa na lifti ya kiti kimoja kimoja tangu miaka ya 1940, mtu anapanda peke yake. Ilipochakaa, wanaushirika wangeweza kuibadilisha kwa lifti kubwa zaidi, lakini waliamua kuikarabati ile ile, wakachangisha zaidi ya dola milioni 1.5 kwa kushirikiana na taasisi ya kuhifadhi majengo ya kale ya Vermont, na mwaka 2007 ikarudi kazini ikiwa na nguzo zake. Uamuzi ule ungemshangaza mhasibu yeyote, na waliweza kuufanya kwa sababu lifti ilikuwa yao.

BARAKA: Huko Uingereza mtindo huo upo?

ZUHURA: Upo, na huitwa hisa za jamii. Mwanachama ana kura moja, awe ameweka pauni 100 au pauni 100,000, ambazo ndizo kikomo kwa mtu mmoja. Hisa zenyewe haziuzwi sokoni. Unaweza kuomba kurudishiwa fedha zako endapo ushirika una uwezo.

BARAKA: Dada Zuhura, niruhusu nieleze jambo la kwetu. Nilipokuwa kijana tulichangishana kijijini kununua pampu ya maji. Kila kaya ilitoa, wengine walitoa mahindi yakauzwa. Siku pampu ilipowashwa akina mama walipiga vigelegele, na mzee mmoja akanawa uso pale pale bombani huku akicheka. Kabla ya mwaka wa tatu kwisha, mota iliungua. Tulipoitisha daftari tukakuta hakuna senti, kwa kuwa hatukuwahi kupanga fedha za vipuri. Bomba lile lilibaki limesimama, mbuzi wakijikunia.

ZUHURA: Pole sana. Kisa hicho kingefaa kusomwa Innerleithen kabla ya kikao chochote. Kamba ya lifti hukaguliwa kwa kifaa cha sumaku kinachotafuta nyuzi zilizokatika ndani ambazo jicho haliwezi kuziona. Vibanio vya viti hufunguliwa na kupimwa kwa zamu. Roli huchakaa na mipira yake hubadilishwa. Kuna umeme, kuna watu wa kusimama juu na chini kila siku, upepo ukizidi unafunga na siku ile hakuna kipato. Wengine hununua lifti iliyotumika kutoka mlima uliobadilisha yake, na kwa kweli hiyo hupunguza bei, lakini utatafuta vipuri vya mashine ambayo mtengenezaji wake huenda hayupo tena. Na kuna bima, ambayo mimi ningeiweka juu ya yote.

BARAKA: Kwa nini bima?

ZUHURA: Kwa sababu ya yaliyotokea Christchurch, New Zealand. Huko walijenga lifti ya viti yenye urefu wa kama kilomita 1.8 kwa ajili ya baiskeli, ikafunguliwa Desemba 2016 juu ya jiji ambalo bado lilikuwa likijiinua baada ya tetemeko la 2011. Februari 2017, miezi miwili tu baadaye, moto wa vilima vya Port Hills uliingia ndani ya eneo lile la baiskeli. Msitu uliungua, njia ziliharibika, na ilifunguliwa tena Desemba mwaka ule. Wakazi wa jirani walikwenda mahakamani, na ilionekana kwamba plastiki ya viti ilishika moto, ikadondoka ikiwaka na kusaidia kuueneza moto. Fikiria ushirika wa walimu, wauza mikate na mafundi baiskeli unaletewa hati ya madai ya namna hiyo. Wale walikuwa wawekezaji wenye mawakili.

BARAKA: Baada ya kuyasema yote hayo, kopo lile likiwekwa tena mbele yako, utachangia?

ZUHURA: Nitachangia, Kaka Baraka, na ninasema hivyo nikiwa nimewaza. Nimewaona vijana wa mji ule Jumamosi asubuhi wakipanda na majembe mabegani kurekebisha kona zilizobebwa na mvua, bila malipo, katika msitu usio wao. Watu wa namna hiyo nawaamini kuwakabidhi mlima. Lakini sitatumbukiza sarafu tena. Nitaomba kuona ukurasa wa matengenezo, mwaka wa kwanza hadi wa kumi, nione fungu la kamba limeandikwa wapi, kisha nijiandikishe kutoa pauni 5 kila mwezi, na nitawaomba zote ziende kwenye fungu hilo.