Datsun 240Z langu la kwenye maboksi: nilinunua bei gani, na leo lina thamani gani?

Haya ndugu zangu. Nimekaa sakafuni gereji, hapa Texas, Marekani, nyuma yangu mnaliona bodi lenyewe juu ya stendi, halina milango wala vioo, na yale maboksi 14 yenye vipande vyake yako pale ukutani. Kila nikiweka video, hata ile ya viza ambayo haikuhusu magari kabisa, swali ni lile lile: "Kaka, hilo gari ulinunua pesa ngapi, na sasa lina thamani gani?" Na baada yake linakuja la pili: "Kwa nini usingenunua zima?" Leo najibu yote mawili, kwa tarakimu, nisiulizwe tena.

Ila niseme kwanza. Nikitaja bei, kuna mtu ataandika najigamba. Nikitaja shida, mwingine ataandika nirudi nyumbani kama pamenishinda. Mwezi uliopita mtu mmoja ameniandikia yote mawili chini ya video moja. Mimi nafanya kazi ghalani, zamu ya usiku, na pesa ya gari hili niliweka miaka mitatu, kidogo kidogo. Wazazi wangu wanapata chao kila mwezi kabla sijanunua hata bolti. Binamu yangu aliyesema kwenye kikundi cha familia kwamba "ana pesa za vyuma chakavu ila za mchango hana," mchango huo nilitoa, risiti ninayo, na neno lile lilinichoma. Basi, nimesema, tuendelee.

Kwa nini 240Z? Wenye umri wa baba yangu hawana haja ya kuelezwa. Mwaka 1971 gari la aina hii liliendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller likashinda Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, na 1973 likashinda tena, safari hiyo Shekhar Mehta akiwa kwenye usukani. Baba alisimama kando ya barabara akaliona likipita, na mlio wake anauigiza mpaka leo. Nilikua na mlio huo masikioni. Huku Marekani gari hili lilikuja mwishoni mwa 1969 kwa bei ya dola 3,526, na likauzwa kwa wingi sana. Kwa hiyo huku ndiko yaliko, yamelala kwenye mabanda ya watu.

Langu ni la 1972. Nililipata hapa Texas kwa familia ambayo mzee wao alilifungua lote akitaka kulitengeneza, akafariki kabla ya kulifunga. Tangazo liliandika "asilimia 80 limekamilika". Naomba mnisikilize vizuri hapo. Gari lililofunguliwa halina asilimia. Muuzaji anahesabu kazi aliyoiona ikifanyika, na wewe unanunua kazi iliyobaki, ambayo hakuna aliyeihesabu. Waliomba dola 9,500, tukaelewana 7,200. Kuvuta mpaka kwangu, 400.

Sasa namna nilivyolikagua. Nasema nilivyofanya mimi, kwa gari langu. Wewe lako litakuwa na yake. Sikuanza na injini. Kila anayekuja hapa anakimbilia injini, na injini ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kwenye 240Z. Ni silinda sita kwenye mstari, lita 2.4, kabureta mbili, fundi yeyote mwenye subira anaiweza. Kinachoua magari haya ni kutu. Bati lake ni jembamba na kinga ya kutu ya zama zile ilikuwa dhaifu. Nililala chini na tochi, sumaku na bisibisi. Sumaku ni ya kutafuta puti: isiposhika, chini ya rangi kuna puti nene au hapana bati, mtu amejaza. Bisibisi nilichokonoa chini ya betri, kwa sababu asidi ya betri hudondoka pale ikala bati mpaka kwenye boriti ya chasisi iliyo chini yake. Halafu sakafu, kizingiti cha mlango, kona ile iliyo nyuma ya mlango mbele ya gurudumu la nyuma, shimo la tairi ya akiba, na bati lililo chini ya kioo cha mbele, ambalo ukilikuta limeoza umelia, maana kulifikia ni kazi ya wiki.

Langu lilikuwa na sakafu mbovu pande zote mbili, chini ya betri tobo, kizingiti cha kulia kimelika. Bati la chini ya kioo zima. Hilo ndilo lililonifanya nitoe pesa. Sakafu na boriti zake zinatengenezwa mpya mpaka leo, unanunua, unakata ya zamani, unachomelea.

Baada ya bati, namba. 240Z lililotengenezwa kwa soko la Marekani lina namba ya chasisi inayoanza na HLS30. Unaisoma kwenye kibati cha dashibodi, na unaisoma tena ikiwa imegongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini. Ndani ya chumba cha injini kuna kibati kingine chenye namba ya chasisi pamoja na namba ya injini iliyotoka nayo kiwandani. Kisha unakwenda kwenye injini yenyewe, namba imegongwa ubavuni mwa bloku, chini kidogo ya silinda hedi. Zikilingana, umepata gari lenye injini yake ya kuzaliwa, na bei inapanda.

Zangu hazikulingana. Kibati kinasema L24, yaani ile injini ya lita 2.4. Injini iliyokuwa kwenye stendi, ile niliyoambiwa ndiyo yake, imegongwa L28, lita 2.8, ya gari la miaka ya baadaye. Familia hawakunidanganya, walisema walichokijua. Lakini nilikuwa nimeshalipa, kwa sababu siku ile bloku lilikuwa limejaa grisi kavu na sikulisugua. Dakika kumi na kitambaa zingeniokolea dola 1,000 au zaidi kwenye mapatano. L28 ni injini nzuri, ina nguvu kuliko ya asili, na wapo wanaoipenda. Kwa mkusanyaji anayelipa bei kubwa, hata hivyo, hiyo ni injini ya gari jingine.

Kwenye boksi la tisa nikakuta silinda hedi, kile kichwa cha injini, imeandikwa E31. Hiyo ni ya magari ya mwanzo kabisa, na watu wanaitafuta. Gari langu kwa mwaka wake lilipaswa kuwa na E88. Nimeitunza, nitabadilishana na mtu. Ndiyo maana nawaambia maboksi yasomwe moja moja. Mimi nilimwaga kila boksi juu ya turubai, nikapiga picha, nikaandika daftarini: kipo, kipo kibovu, hakipo. Kazi hiyo ilinichukua wikendi nne. Ukurasa wa "hakipo" ndio unaokula pesa. Saa ya dashibodi haipo. Urembo wa kromu wa dirisha la kushoto haupo. Jeki haipo. Vitu vidogo, lakini kila kimoja kina mtu anayekiuza anayejua fika kwamba umekwama.

Na spea za kutoka Japani zimekuwa kisa kingine. Zamani kifurushi kisichozidi dola 800 kiliingia bila ushuru. Tangu mwisho wa Agosti 2025 msamaha huo umeondolewa. Raba za taa nilizoagiza zilikaa siku kadhaa kwa msafirishaji, kisha nikaletewa bili ya ushuru pamoja na ada ya kuushughulikia ushuru wenyewe.

Sasa makaratasi. Hapa ndipo nilipokosa usingizi. Hati ya umiliki ilikuwa ya jina la mzee marehemu, na familia hawakuwahi kufungua mirathi. Wakanipa karatasi ya mauziano iliyosainiwa na mtoto mmoja kati ya watatu. Kwenye ofisi ya kusajili, karani akaingiza namba ya chasisi, kompyuta ikaikataa. Kompyuta inataka herufi na tarakimu 17. Magari ya kabla ya 1981 hayana namba ya urefu huo! Nikamweleza, akaniambia namba yangu haijakamilika. Nimerudi pale mara nne, kila mara nimeomba ruhusa kazini, na kila saa niliyokosa kazini ni pesa.

Njia iliyonifaa Texas ni hati ya dhamana. Unakatiwa bondi, yaani dhamana ya pesa, ya mara moja na nusu ya thamani ya gari, inakaa miaka mitatu, ili akitokea mwenye haki ya gari alipwe. Hulipi kiasi chote, unalipa ada yake tu. Lakini oneni mtego uliopo. Kwenye bondi, thamani ikiwa juu na ada inapanda. Kwenye bima, unataka thamani iwe juu, kwa sababu bima ya magari ya kale huwa ni ya thamani mliyokubaliana, na likiungua ndicho utakacholipwa. Gari ni lile lile. Niliona wanaopeleka tarakimu mbili tofauti. Mimi nilipeleka moja, ya mthamini aliyelala chini ya gari kama nilivyolala mimi. Majimbo mengine yana taratibu nyingine, kwa hiyo usinukuu video hii mbele ya karani wako.

Mthamini alifanyaje? Alianza na bei ya gari kama langu likiwa limekamilika vizuri, na injini isiyo yake: 34,000. Akatoa kazi iliyobaki, tulihesabu pamoja ikafika 12,000. Inabaki 22,000, sivyo? Akaandika 13,500. Nilibisha. Akaniambia mnunuzi wa gari lililofunguliwa ananunua na wasiwasi wake, na wasiwasi huo una bei. Nilikasirika, nikaondoka, nikafikiri, nikaona yuko sahihi. Mimi mwenyewe niliwapunguzia bei wale walioniuzia kwa sababu hiyo hiyo.

Wengi mnanitumia lile 240Z la 1971 lililouzwa mnadani dola 310,000 mwezi Januari 2020. Naliheshimu sana. Lile lilikuwa halijaguswa, maili chache, kila kitu cha kiwandani. Langu halitakuwa lile hata nikilipiga rangi kwa dhahabu. Nissan wenyewe, walioliunda kwa jina la Datsun, mwishoni mwa miaka ya 1990, walikuwa na mpango wa kukusanya 240Z za zamani na kuzirudisha upya kupitia wauzaji wao, na hawakufikia idadi waliyoikusudia. Kampuni yenye mafundi wake na spea zake!

Matumizi yangu mpaka leo: gari 7,200, kuvuta 400, bati na kuchomelea 3,100, injini 2,800, kromu 1,450, raba 620, makaratasi na mthamini 780. Na 2,500 za rangi, ambazo bado zinaniuma.

Fundi wa rangi alichukua malipo ya awali, akalikalia bodi miezi saba. Nikipiga simu, wiki ijayo. Nikaenda bila kumwambia, nikalikuta nje, mvua inalinyeshea, limepigwa praima, ile rangi ya msingi, ya kawaida tu. Praima ile inanyonya maji. Maji yakapita mpaka kwenye bati tulilolisafisha, na kutu mpya ikaota chini yake. Ikabidi tuparue upya lote. Nilimwamini kwa sababu ni mtu wa kwetu, tunasali pamoja, na nilipodai pesa nikaambiwa nimekuwa Mzungu. Simtaji, na msiniulize kwenye maoni. Sasa kabla bodi halijaondoka gerejini natanguliza praima ya epoksi, inayoziba kabisa, na malipo nagawa kwa hatua, kila hatua naiona kwa macho.

Jumla ni 18,850, na gari leo lina thamani ya 13,500. Hilo ndilo jibu la swali lenu. Nikilimaliza nitakuwa nimetumia kama 30,850 kwa gari la 34,000, na saa zangu za jasho sijazihesabu. Aliyekuja hapa kutafuta biashara, hii kwangu haikuwa biashara. Wapo wanaoiweza, wana karakana na wanajua kuchomelea wenyewe. Na kama ungeniuliza kwa nini sikununua zima: 34,000 kwa mkupuo sina. Nina 300 mwezi huu na 500 mwezi ujao.

Kulileta Kenya? Kanuni ya kawaida inakataa gari lililozidi miaka minane, na inataka usukani uwe kulia. Langu lina zaidi ya miaka hamsini na usukani kushoto. Baba nimemwambia atakuja yeye. Viza yake tunaifuatilia, mmeona video ile.

Jumamosi hii nafunga raba za mlango wa nyuma kwa majaribio, kabla ya rangi. Magari haya yanajulikana kwa kuvuta moshi wa egizosi ndani ya gari pale nyuma panapovuja, na baba ana kifua, kwa hiyo sitaki kubahatisha. Na kama yupo mtu hapa Texas mwenye L24 iliyolala bandani, namba ya injini iliyozaliwa na gari hili nimeiweka kwenye maelezo chini ya video. Isugue kwanza kwa kitambaa, uisome, kisha unipigie hata usiku. Niko macho.